Anayekunywa Mwisho

Ukiiacha barabara kuu ya Tanzam pale Mikumi na kushika ile ya kwenda Ifakara, unaanza kushuka. Si mteremko wa kutisha kama wa Kitonga, kwenye njia ya Iringa. Ni wa taratibu, unaokupitisha Kidodi huku milima ya Udzungwa ikikusindikiza kulia, hadi ufike Ruaha, mji wa miwa ulio kando ya Mto Ruaha Mkuu, pale Wilaya ya Kilosa inapoishia. Mikumi iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Ruaha takriban 300. Dereva wa gari la siku hizi anaweza kupita njia hiyo miaka na miaka asijue kwamba anashuka. Mwenye gari la zamani lenye waipa za vakyumu anajua, hasa wakati wa masika. Akishuka na mvua, waipa zinapiga kioo mbiombio hadi zinamkera. Akirudi Mikumi na mvua ileile, zinapanda nusu ya kioo, zinasita, kisha zinasimama wima mbele ya macho yake, na hapo ndipo lori linapotokeza upande wa pili.

Watu husema waipa hizo ni mbovu. Mara nyingi si mbovu hata kidogo. Zinafanya kazi kama zilivyotengenezwa, na taabu yote ya kuzitengeneza huanzia hapo: kabla ya kushika spana, sharti ujue kipi ni ugonjwa na kipi ni tabia.

Injini ya petroli, pamoja na kuwa kitu cha kusukuma gari, ni pampu ya kuvuta hewa. Pistoni ikishuka inavuta, na hewa inaingia kupitia kabureta. Kwenye koo la kabureta kuna kilango kinachofunguka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Mguu ukiwa juu, kilango kimefungwa karibu chote. Pistoni zinavuta na hewa haiji, kwa hiyo ndani ya manifoldi, njia ya hewa kati ya kabureta na pistoni, mvuto unakuwa mkali. Mguu ukizama, kilango kinafunguka, hewa inaingia kwa wingi, na mvuto unakwisha. Waipa za vakyumu zimeunganishwa na manifoldi hiyo kwa mpira mwembamba. Mwisho wa mpira kuna kikopo cha chuma, na ndani yake kibapa kinachovutwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa sababu vali ndogo inageuza njia ya hewa kila kinapofika mwisho wa safari yake. Hakuna waya wala fyuzi. Waipa inaishi kwa mvuto ambao injini imebakiza.

Maana yake ni kwamba inakatiwa riziki saa ileile inapohitajika zaidi. Unapanda kilima, unalipita lori, unataka kutoka haraka kwenye mvua: unakanyaga, injini inachukua yote, kioo kinajaa maji. Ukiachia mafuta, unaanza kuona.

Waliobuni mpango huu hawakuwa wajinga. Mwaka 1903 Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya waipa iliyovutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Mwaka 1917 John Oishei wa mji wa Buffalo alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Trico, na ndiyo iliyozieneza waipa za vakyumu duniani. Magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na umeme wa volti 6 na betri dhaifu. Taa na starta zilitosha kuimaliza. Mvuto wa injini ulikuwepo tayari, bure, ukipotea bila kazi. Kuutumia ilikuwa busara ya mtu anayepika kwa makaa yaliyobaki. Ford ya Uingereza iliendelea nazo katika miaka ya 1950 kwenye Anglia 100E, Consul na Zephyr, na Jeep za Willys zilikuwa nazo pia. Magari hayo yalifika Afrika Mashariki na kufanya kazi ya kweli. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliipa Zephyr ushindi mwaka 1955. Baadaye mbio hizo zilihamishiwa Pasaka, yaani katikati ya tope la masika.

Barabara ya Tanzam nayo ina kumbukumbu zake za tope. Baada ya Waziri Mkuu Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ililazimika kusomba mafuta kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, kwenye njia ambayo lami yake ilikuja kukamilika miaka ya 1970. Malori makubwa ya dizeli yaliyotawala njia hiyo yalikuwa na jambo moja linalotuhusu hapa. Injini ya dizeli ya kawaida haina kile kilango cha kabureta, hivyo haina mvuto wa bure wa kugawa. Waipa yake haina budi kutafutiwa chanzo chake chenyewe.

Nilijifunza namna ya kuzikagua kwa kutazama, katika gereji moja ya chini ya mwembe pale Ruaha. Kulikuwa na Anglia ya kijivu, mali ya mstaafu mmoja aliyekuwa ameketi pembeni kwenye benchi akingoja hukumu. Fundi kijana alikuwa ameshabadilisha mipira ya waipa, na sasa alikuwa na pendekezo.

"Mzee, hii mota imekufa. Tuweke ya Corolla, ya umeme."

Fundi mkuu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuinua kichwa. "Umeivua ukaipima?"

"Hapana, mzee."

"Sasa imekufaje? Nani kaitangaza?"

Kazi iliyofuata ilikuwa ya taratibu, na mpangilio wake ndio ulionivutia. Alimwagia maji kioo kwanza, maana kioo kikavu kinaibana waipa na kukupa majibu ya uongo. Aliifanya iende, ikajikokota. Akaichomoa mikono yote miwili, kisha akajaribu kuvizungusha kwa vidole vile vyuma vifupi vinavyotokeza chini ya kioo. Kimoja kilikuwa laini. Cha pili kilikuwa kigumu kwa kutu na vumbi. Alikitilia oili nyepesi, akakizungusha huku na huku hadi kikalegea. Hakuwahi kuulazimisha mkono wa waipa ukiwa bado umeshikana na mota. Alisema wengi huvunja mambo ya ndani kwa mtindo huo, halafu wanalaumu uzee wa gari.

Kisha aliuchomoa mpira kwenye mota, akachukua kipande kifupi kingine, akakichomeka pale, akaweka ncha yake mdomoni na kuvuta kwa mapafu yake. Chuma kilipanda upande mmoja. Akavuta tena, vali ikalia tiki, kikarudi. "Maiti gani hii inayotembea?" alimwuliza kijana. Mstaafu kwenye benchi akacheka.

Ikaanza safari ya kurudi nyuma kuelekea kwenye chanzo. Injini iliwashwa ikaachwa kwenye sailensa. Kijana aliambiwa azibe kwa kidole gumba ncha ya mpira uliotoka kwenye waipa. Mvuto ulikuwepo, lakini dhaifu. Akaambiwa azibe tena, safari hii kwenye kinundu cha manifoldi penyewe. Kidole kikanasa, ikambidi akibandue kwa nguvu. Basi mwanzoni pana mvuto na mwishoni haufiki. Tatizo liko katikati. Walikwenda wakipapasa mpira kwa mkono hadi nyuma ya injini, mahali penye joto, na hapo ulikuwa umekauka ukapasuka mstari mwembamba. Mpasuko huo haukuonekana mpira ukiwa umenyooka. Ulifunguka ulipopindwa, ukapiga mluzi. Mbele kidogo palikuwa na kiraka cha zamani: mtu aliunga kipande cha mpira laini wa bei rahisi, nao ulikuwa umebonyea katikati. Mpira laini ukivutwa hujibana wenyewe, ukafunga njia. Walihitaji mpira wenye kuta nene, na ulipopatikana na kufungwa kwa klipu, waipa zilifagia kioo kwa bidii.

Mtaalamu wa viwandani angetumia geji. Injini nzima ikiwa kwenye sailensa karibu na usawa wa bahari huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale unatulia. Mshale ukicheza, huenda ni vali. Ukiwa chini na kutulia, pengine taimingi imechelewa au hewa inaingia pasipotakiwa. Waipa iliyo hoi inaweza kuwa dalili ya kwanza ya pistoni zilizochoka. Ndiyo maana kukimbilia mota ya Corolla ni hatari: unaweza kuinyamazisha waipa iliyokuwa inakusemea injini.

Mstaafu alilichukua gari lake kulijaribu upande wa Mikumi. Alirudi na uso wa kutoridhika. "Hapa chini sawa. Kule kwenye mwinuko bado zinalala."

"Hiyo si kasoro, mzee mwenzangu. Ndivyo ilivyoumbwa. Ukifika mwinuko, shusha gia mapema, usingoje gari lichoke. Zikilala, achia mafuta kidogo zipite, ndipo ukanyage tena."

Ushauri huo ni sahihi hata kwa hesabu. Kwenye gia ndogo injini inazunguka haraka, na kilango hakihitaji kufunguka sana kutoa nguvu ileile, hivyo mvuto kiasi unabaki. Lakini kuna mpaka. Kila unapopanda takriban mita 300, mvuto unapungua karibu inchi moja kwa sababu hewa yenyewe inakuwa nyepesi. Mtu anayetoka Ruaha kwenda Iringa, iliyo juu ya mita 1,500, anapoteza kama inchi 4 njiani, na kuzipoteza huko kunaendana na kukanyaga mafuta hadi chini kwenye kona za Kitonga. Madereva wa zamani, huku na ng'ambo, walikuwa na dawa yao: kupaka kioo kiazi kilichokatwa, tumbaku, au kitunguu, ili maji yatelemke bila kushika. Anayepita Ruaha Mbuyuni, mahali pengine kwenye njia hiyohiyo, ambako vitunguu vinauzwa kandokando ya barabara, dawa anayo dirishani. Aliyepangiwa kupata mwisho hujifunza kujitafutia.

Watengenezaji nao walitafuta. Njia ya kwanza ilikuwa kuweka pampu ya nyongeza, mara nyingi ikiwa imeunganishwa na pampu ya mafuta, ivute hata mguu unapozama. Njia ya pili ilikuwa tangi: kopo tupu lenye vali ya kuzuia hewa isirudi, linalovutwa hewa yake wakati injini ina ziada, ili waipa ipate pa kukopa wakati wa kilima.

Ukiwa Ruaha huwezi kulifikiria tangi hilo bila kuutazama mto. Juu kidogo ya mji liko bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204. Kidatu lina uwezo mdogo wa kuhifadhi maji, kwa hiyo likajengwa bwawa la Mtera, zaidi ya kilomita 100 huko juu, likakamilika karibu mwaka 1980, kazi yake kubwa ikiwa kuweka maji ya masika ili Kidatu lizunguke kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilifuata mwaka 1988. Mtera ni tangi la Kidatu. Na kabla ya Mtera kuna Usangu na mashamba yake ya mpunga, ardhioevu ya Ihefu, mifugo, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kila mmoja anavuta. Baada ya Kidatu kuna miwa inayomwagiliwa, na kuna watu wa Ruaha na Kidatu wanaoishi kando ya mto. Huu ni mpira mmoja mrefu, wenye wanywaji wengi, na wa mwisho anapata kilichobaki.

Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo halikuzoeleka. Miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, Mtera ilipungua na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mara watu wakamtafuta mwenye kosa. Wafugaji wa Usangu waliondolewa na mifugo yao katika operesheni ya 2006 na 2007, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Uharibifu wa Ihefu ulikuwa wa kweli, na mto uliokauka haukuwa hadithi. Lakini wataalamu wa maji waliouchunguza mfumo huo walieleza mambo mawili yanayofanana na kazi ya yule fundi. Kwanza, sehemu kubwa ya maji ya Mtera huingia wakati wa mvua, na bwawa linalishwa pia na Ruaha Mdogo na Kizigo. Maji yanayokosekana hifadhini mwezi wa Oktoba si yale yanayolijaza bwawa. Pili, namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, maji yakiachiwa mengi mno wakati wake usiofaa, ilichangia upungufu. Kwa lugha ya gereji, kulikuwa na matatizo mawili kwenye mpira mmoja, na yalitibiwa kama moja. Mfugaji alitangazwa kabla ya mota kupimwa.

Si kusudi langu kumtetea yeyote kati ya wanaovuta. Mkulima wa mpunga anavuta kwa haki, na Kidatu linavuta kwa ajili ya hospitali na viwanda vilivyo mbali na hapa. Ninachokisema ni kwamba mfumo wenye chanzo kimoja una ugonjwa na una tabia, na kuvichanganya viwili hivyo ni kosa la ghali. Mpira uliopasuka unazibwa. Tabia ya wa mwisho kukosa, pale wote wanapohitaji kwa pamoja, haizibiki; inahitaji kanuni. Dereva wa Anglia anayo kanuni yake: wa mbele apunguze kidogo ili wa nyuma apate. Gari linapoteza kasi kwa sekunde mbili, na dereva anaona anakokwenda.

Akiba nayo ina mipaka yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Wangeweza kuongeza kwamba haizai. Tangi la waipa linatosha mapigo machache tu kwenye kilima kirefu, kisha linakuwa kopo. Mtera haileti mvua. Inahamisha maji kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, na asiyeihesabu vizuri anajikuta amehamisha hata ya mwakani.

Mwishowe magari yaliliacha jambo hili. Umeme wa volti 12 ulipoenea, waipa ilipewa mota yake na waya wake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hata kampuni za Marekani zilizong'ang'ania vakyumu ziliacha. Ilikuwa hatua njema. Mtu asiyeona barabarani anaua. Nasi tuna hatua yetu ya namna hiyo: Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwenye Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Mgao umepata mpinzani mkubwa. Ila waipa ya umeme haikuachana na injini. Betri inachajiwa na alteneta, alteneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini ileile inayopanda kilima. Deni limehamia mahali ambapo dereva halioni. Vivyo hivyo Rufiji hupokea maji ya Ruaha Mkuu na ya Kilombero, huu wa pili ukileta sehemu kubwa zaidi, kabla hayajafika kwenye bwawa jipya. Mpira umekuwa mnene, na wanaovuta wameongezeka.

Tulichopoteza pamoja na waipa za vakyumu ni kuambiwa papo hapo. Anglia haimruhusu dereva kusahau kwamba nguvu anayoitumia inatoka kwa mwingine. Akizidisha, kioo kinamwambia. Gari jipya halisemi kitu hadi taa nyekundu iwake. Katika mambo ya umma pia tumezoea kuweka kipimo kwenye chanzo, pale palipo na geji kubwa na wageni wa kuitazama: megawati zilizofungwa, mita za ujazo zilizojaa. Vipimo hivyo ni vya kweli, na kidole kwenye manifoldi kilinasa kweli. Bado kioo kilikuwa kimejaa maji. Anayetaka kujua kama mfumo unafanya kazi aanze na anayekunywa mwisho: bomba la kitongoji cha mwisho, taa ya nyumba iliyo mwisho wa laini, shamba lililo mwisho wa mfereji. Kisha arudi nyuma hatua kwa hatua, akiziba na kupima, na asimtangaze yeyote kuwa mbovu kabla ya kumpima.